Mtoto Abaki na Nani? Jinsi Mahakama Zinavyoamua Malezi Wazazi Wanapotengana

Wazazi wakishaachana, swali linaloulizwa na ndugu na marafiki huwa moja: "Mtoto kapewa nani?" Limezoeleka kiasi kwamba hatulisikii tena vizuri. Mtoto anatajwa kama kitu kilichokuwa na wenyewe wawili, na sasa lazima kiangukie upande mmoja. Wengi huingia mahakamani na picha hiyohiyo kichwani. Mzazi anafika na stakabadhi za ada, hati ya nyumba na jumbe za simu zinazoonyesha ubaya wa mwenzake, akiamini amekuja kudai kilicho chake. Kisha anaulizwa maswali ambayo hakujiandaa nayo. Mtoto huyu hulala saa ngapi? Akishtuka usiku humwita nani? Dawa yake ya pumu huivuta mara ngapi kwa siku? Mwalimu wake wa darasa ni nani?

Maswali hayo yanaonekana madogo, lakini ndiyo kesi yenyewe. Mahakama za nchi nyingi leo hazianzi kwa kuuliza nani ana haki zaidi juu ya mtoto. Huanza kwa kuuliza maisha ya mtoto yalikuwaje kabla ya wazazi kutengana, yakoje sasa, na ni mpango upi utakaomwacha akiwa salama na asiyevurugwa zaidi ya alivyokwisha kuvurugwa.

Tuanze na neno lenyewe, "malezi", maana ndani yake mmefungwa mambo manne. Lipo la makazi: mtoto alale wapi, siku zipi. Lipo la maamuzi makubwa: asome shule gani, afanyiwe upasuaji au la, alelewe katika dini ipi, apatiwe pasipoti. Lipo la mawasiliano na mzazi asiyeishi naye: kutembeleana, kupigiana simu, kukaa naye likizo. Na lipo la matunzo, yaani gharama za kumlea. Mahakama inaweza kuyaamua haya manne kwa namna nne tofauti. Mtoto anaweza kuishi na mama huku baba akiwa na kauli sawa kuhusu shule na matibabu. Baba anaweza kuishi na mtoto na mama akachangia matunzo kila mwezi. Ukisikia mtu analalamika kwamba amenyimwa mtoto, mara nyingi ukisoma amri utakuta amepewa muda wa kukaa naye na kauli katika maamuzi yote makubwa. Alichokosa ni makazi tu, lakini kwa sababu alikwenda akitafuta ushindi, amerudi akihisi ameshindwa kila kitu.

Uingereza waliliona tatizo hili la maneno, wakabadilisha sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 iliondoa lugha ya zamani ya kumkabidhi mtoto kwa mzazi mmoja na kumruhusu mwingine kumwona, ikaweka amri za makazi na za mawasiliano. Mwaka 2014 hata hizo zikaunganishwa kuwa amri moja inayoeleza mipango ya mtoto: ataishi na nani, ataonana na nani, lini. Sheria ya Kiislamu nayo ilikwisha kutenganisha karne nyingi nyuma mambo ambayo watu wanayachanganya leo. Hadhana ni uleaji wa kila siku wa mtoto mdogo, na kwa kawaida mama ndiye wa kwanza. Wilaya ni usimamizi wa mambo yake makubwa na mali yake, ambao kwa kawaida ni wa baba. Madhehebu hutofautiana juu ya umri wa hadhana kukoma, na zipo rai kwamba mtoto akifikia umri wa kupambanua, takriban miaka 7, aulizwe anataka kukaa na nani.

Wazo la kumtanguliza mtoto ni geni kuliko tunavyodhani. Kwa karne nyingi sheria za Ulaya zilimhesabu mtoto kuwa chini ya mamlaka ya baba, na mama hakuwa na pa kushtakia. Kisa kinachoonyesha hali hiyo waziwazi ni cha Caroline Norton, mwandishi wa Uingereza. Mwaka 1836 alitengana na mumewe, na mume akawachukua watoto wao wote watatu, wa kiume, na kumzuia mama asiwaone. Hakuvunja sheria yoyote. Norton aliandika vijitabu, akawashawishi wabunge, hadi mwaka 1839 ikapitishwa sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakamani akabidhiwe watoto walio chini ya miaka 7, mradi asiwe ametiwa hatiani kwa uzinzi. Yeye mwenyewe sheria hiyo haikumfaa, kwa sababu watoto walikuwa wamepelekwa Scotland, ambako haikufanya kazi. Mdogo wao alifariki mwaka 1842 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi.

Kutoka hapo mizani ikaanza kuelemea upande wa pili. Likajengeka wazo kwamba mtoto mchanga mahali pake ni kwa mama, na mahakama za Uingereza na Marekani zikalishika kwa miongo mingi. Bado linaishi katika sheria kadhaa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, inachukulia kuwa ni heri kwa mtoto aliye chini ya miaka 7 kukaa na mama yake. Lakini soma kifungu hicho hadi mwisho. Kinasema dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na kinaitaka mahakama izingatie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kwa hiyo anayetamba kwamba sheria inampa mama moja kwa moja ameishia nusu ya kifungu. Vilevile anayesubiri kwa hamu mtoto atimize miaka 7 ili "akamchukue" amejitungia sheria yake, kwa kuwa umri huo ukifika, kinachokoma ni dhana tu. Hakuna mahali panaposema mtoto ahamie kwa baba siku hiyo.

Hatua ya tatu ndiyo tuliyomo. Tarehe 20 Novemba 1989 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Ibara ya 3 inasema katika kila uamuzi unaomhusu mtoto, maslahi yake yawe jambo mojawapo la msingi. Mwaka uliofuata ukaja Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, na ibara yake ya 4 ikaenda mbali zaidi kwa kuyafanya maslahi ya mtoto kuwa ndilo jambo la msingi. Tofauti ni ya neno moja, lakini mbele ya hakimu neno hilo lina uzito. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inaongeza kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe walioana au la.

Sasa, "maslahi ya mtoto" ni maneno mazuri, ila hayamwambii hakimu afanye nini saa nne asubuhi akiwa na wazazi wawili mbele yake, wote wakimpenda mtoto. Mwaka 1975 mwanasheria wa Marekani, Robert Mnookin, alieleza ugumu huu kwa namna ambayo haijapitwa na wakati: kuamua malezi ni kutabiri. Kesi nyingine huuliza nini kilitokea. Hii inauliza nini kitatokea, na kipi kitakuwa bora, wakati watu hata hawakubaliani bora ni ipi. Kwa sababu hiyo sheria nyingi zimetoa orodha ya mambo ya kuangaliwa. Orodha zinatofautiana, ila kuna mambo yanayojirudia karibu kila mahali, na hayana uzito sawa.

La kwanza kabisa ni usalama. Kama kuna kipigo, unyanyasaji wa kingono, ulevi uliopindukia au mtoto kutelekezwa, mengine yote yanasubiri. Zamani ilikuwa kawaida kusema kwamba mume mpiga mke anaweza kuwa baba mwema. Leo mahakama nyingi zinatambua kwamba mtoto anayeshuhudia mama au baba yake akipigwa naye anaumizwa, hata kama hakuguswa. Katika hali kama hiyo mahakama inaweza kuamuru mzazi amwone mtoto chini ya uangalizi wa mtu wa tatu, au isiruhusu kabisa kwa muda. Mwenye jambo la namna hii alisema mapema na alete ushahidi alionao: taarifa ya polisi, vyeti vya hospitali, picha, mashahidi. Likiletwa kesi ikiwa mwishoni, mara nyingi huonekana limetungwa, na hapo anayeumia ni mtoto ambaye kweli alikuwa hatarini.

La pili ni mwendelezo, na hili ndilo ambalo wazazi hulidharau zaidi. Mtoto aliyezoea shule fulani, marafiki fulani na mtu fulani wa kumwamsha asubuhi amekwisha kupoteza kitu kikubwa wazazi walipotengana. Mahakama husita kumwongezea hasara nyingine. Ndiyo maana miezi ya kwanza baada ya kutengana ina uzito mkubwa. Mzazi anayeondoka akamwacha mtoto kwa mwenzake, akidhani atakuja kumchukua mambo yakitulia, anakuta mwaka umepita, mtoto ametulia alipo, na utulivu huo umekuwa hoja dhidi yake. Anayelazimika kuondoka aombe mapema amri ya muda, au angalau aandikiane na mwenzake kwamba mpango uliopo si wa kudumu, na aendelee kuonekana katika maisha ya mtoto wiki kwa wiki.

Mwendelezo huohuo ndio unaofanya ndugu wasitenganishwe bila sababu nzito. Hata hivyo kila mtoto hutazamwa peke yake, na dada wa miaka 15 anaweza kuwa na mpango tofauti na wa mdogo wake wa miaka 4.

Kisha kuna swali la nani amekuwa akimlea hasa. Siyo nani alilipa, ingawa kulipa ni kulea pia. Ni nani anajua viatu vyake sasa ni namba ngapi, nani humpeleka hospitali, nani huitwa na shule mtoto akianguka uwanjani. Ofisa wa ustawi wa jamii akitumwa kuandika ripoti, haendi kuhesabu vyumba. Anaangalia mtoto analala wapi, daftari zake zimekaaje, na mzazi akiingia chumbani mtoto anafanya nini: anaendelea kucheza, anamkimbilia, au ananyamaza na kutazama sakafu. Dakika hiyo moja inaweza kusema zaidi ya kurasa nyingi za kiapo.

Na fedha? Zina nafasi, lakini ndogo kuliko wengi wanavyoogopa. Mzazi asiye na kipato kikubwa hapotezi mtoto kwa ajili hiyo, kwa sababu pengo la fedha linazibwa na amri ya matunzo. Ndiyo kazi yake. Natamani kila mama au baba anayetishiwa kwamba "huna kitu, mahakama haitakupa mtoto" aambiwe hili siku hiyohiyo, kabla hajasaini karatasi yoyote.

Lipo jambo lingine ambalo huwashangaza wazazi: mahakama huangalia nani atamruhusu mtoto aendelee kumpenda mwenzake. Ibara ya 9 ya Mkataba wa mwaka 1989 inampa mtoto haki ya kuwasiliana mara kwa mara na wazazi wake wote wawili, isipokuwa pale ambapo ni kinyume cha maslahi yake. Haki ni ya mtoto. Mzazi anayeficha simu, anayebuni safari kila siku ya ziara inapofika, au anayemlisha mtoto maneno, anajidhoofisha mwenyewe. Hapa pia pana hatari, na ni haki kuisema. Mzazi mkatili anaweza kuigeuza hoja hii kuwa silaha, akadai kwamba mtoto anamwogopa kwa sababu amejazwa chuki, kumbe anamwogopa kwa sababu alimpiga. Kwa hiyo hakimu makini hachunguzi tu kwamba mtoto anamkataa mzazi. Anachunguza kilichomfanya amkatae.

Sauti ya mtoto nayo ina mahali pake. Ibara ya 12 ya Mkataba huohuo inasema mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni yake asikilizwe, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Baadhi ya sheria zinataja umri kamili. Katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mtoto wa miaka 14 anaweza kuchagua aishi na mzazi yupi, na mahakama inaweza kukataa chaguo hilo kama halina maslahi kwake. Kwingineko inaachwa kwa hakimu apime.

Kusikilizwa hakuna maana ya kusimamishwa katikati na kuulizwa "unampenda nani zaidi". Mtu mwenye ujuzi humkalisha mtoto kwenye chumba tulivu, pengine na karatasi na kalamu za rangi, na kumwambia: "Hebu niambie Jumatatu yako inavyokwenda, tangu unapoamka." Mtoto anasimulia. Katika masimulizi hayo mnatoka nani anamfunga kamba za viatu, nani hupaza sauti, nani hachelewi kumchukua shuleni. Mtoto hajachagua mtu wala hajamsaliti mtu. Na anaposema kwa lugha ya mkubwa, "Baba hatimizi wajibu wake wa kisheria," mtu mwenye uzoefu anajua amelishwa.

Mjadala mkali zaidi wa miaka ya karibuni ni wa kugawana muda nusu kwa nusu. Ubelgiji, kwa sheria ya mwaka 2006, iliitaka mahakama ichunguze kwanza uwezekano wa muda sawa pale ambapo wazazi hawajakubaliana na mmoja ameomba hivyo. Mwaka huohuo Australia ilipitisha dhana ya wajibu sawa wa wazazi katika maamuzi makubwa. Kilichofuata kinafundisha: watu wengi waliielewa kama haki ya kugawana siku sawasawa, jambo ambalo sheria haikusema. Wazazi walikubaliana nje ya mahakama wakidhani hawana budi, hata pale ambapo palikuwa na ukatili. Dhana hiyo ilifutwa kwa marekebisho ya mwaka 2023 yaliyoanza kutumika Mei 2024. Tazama jinsi kuchanganya mambo mawili kati ya yale manne, maamuzi na makazi, kulivyogusa maisha ya watoto wa nchi nzima.

Maoni yangu ni kwamba nusu kwa nusu inaweza kufaa sana, kwa masharti: nyumba zikiwa karibu kiasi cha mtoto kwenda shule ileile kutoka zote mbili, wazazi wakiweza kuzungumza bila kufokeana, na mtoto akiwa na umri wa kuhimili kuhama kila wiki. Kwa mtoto mchanga, wiki nzima bila mtu aliyemzoea ni muda mrefu mno. Kwake ni afadhali ziara fupi za mara kwa mara. Kijana wa miaka 15 yeye anataka kuwa karibu na rafiki zake, na ratiba ya dakika na saa itamkera. Hesabu ya kugawa siku katikati huwatuliza wazazi kwa kuwa inaonekana ya haki, lakini anayebeba begi kutoka nyumba moja hadi nyingine ni mmoja tu.

Ikumbukwe pia kwamba wazazi wengi hawafiki kwenye hukumu kabisa. Wanakubaliana wenyewe, au kwa msaada wa msuluhishi, na mahakama inayapitia makubaliano na kuyafanya amri. Makubaliano mazuri yanachosha kuyasoma, na yanapaswa kuchosha. "Baba atamwona mtoto kwa muda unaofaa" ni sentensi inayozaa ugomvi. "Ijumaa saa 11 jioni baba atamchukua mtoto shuleni, Jumapili saa 12 jioni atamrudisha kwa mama, anayechelewa zaidi ya nusu saa atapiga simu" inazima ugomvi kabla haujaanza. Likizo zigawanywe kwa tarehe. Itajwe nani anaweka pasipoti, na mtoto akitaka kusafirishwa nje ya nchi idhini iombwe siku ngapi kabla. Usuluhishi haufai pale ambapo mmoja anamwogopa mwenzake, kwa sababu mwenye hofu hukubali chochote ili kikao kiishe.

Suala la kusafiri lina kanuni zake. Mzazi akimtorosha mtoto kwenda nchi nyingine bila idhini, Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 unataka mtoto aliye chini ya miaka 16 arudishwe haraka kwenye nchi aliyokuwa akiishi kwa kawaida, ikiwa nchi zote mbili zinafungwa na mkataba huo. Mahakama ya kule alikopelekwa haiamui nani amlee. Inaamua tu kwamba swali hilo likaamuliwe kwao. Zipo nafasi za kukataa, kwa mfano kama kumrudisha ni kumtia kwenye hatari kubwa, au kama maombi yalifunguliwa baada ya mwaka mmoja na mtoto amekwisha kutulia katika mazingira mapya. Kwa nchi zisizo ndani ya mkataba, mzazi aliyeachwa huanza kesi upya ugenini. Ukihisi dalili za kutoroshwa, kimbilia mahakamani kuomba zuio la kusafiri kabla ndege haijaondoka.

Amri ikishatoka, watu hufanya kosa moja kwa pande mbili. Mmoja anasema, "Hanipi fedha, simpi mtoto." Mwingine anajibu, "Hanipi mtoto, sitoi fedha." Kisheria hayo ni mambo mawili yasiyofungamana. Matunzo ni ya mtoto na ziara ni za mtoto, na wote wawili hapo wanamkomoa yeye. Asiyelipa ashtakiwe kwa kutolipa, anayezuia ashtakiwe kwa kuzuia, kila jambo kwa njia yake.

Na hakuna amri ya malezi iliyo ya milele. Mazingira yakibadilika, mzazi akihamia mji mwingine, akiugua, mtoto akikua na mahitaji yake yakabadilika, mzazi yeyote anaweza kurudi kuomba irekebishwe, hadi mtoto atakapofikisha umri wa utu uzima. Mabadiliko mengi hayahitaji hata hakimu. Mtoto yule wa pumu, kwa mfano. Miezi ya mwanzo dawa yake ya kuvuta ilikuwa ikisahaulika kila Jumapili upande mmoja, na kila Jumapili usiku wazazi waligombana kwa simu huku yeye akisikia. Wakaongeza mstari mmoja kwenye makubaliano yao: dawa ziwe mbili, moja kila nyumba, kwenye droo ya juu karibu na kitanda chake.